Mafunzo ya Juu ya Kuendesha Pikipiki: Je, Yanastahili Ada Yake?

Mtu mwenye leseni ya daraja A, aliyeendesha pikipiki kwa miaka kadhaa bila kuvunjika mfupa, huona ajabu akiambiwa arudi kwa mkufunzi. Wenzangu tunaokwenda kazini kwa pikipiki hapa Dar es Salaam wameniuliza mara nyingi kama mafunzo hayo yana maana, hasa wakishasikia kwamba ada niliyolipa kwa siku mbili ingetosha kununua kofia ngumu ya maana pamoja na tairi mbili mpya. Jibu langu ni kwamba yana maana, ingawa si kwa kila mtu, wala si kwa sababu zinazonadiwa na wanaoyauza.

Nianze na breki, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona faida ya wazi. Imeenea imani kwamba breki ya mbele ni ya hatari na kwamba ukiigusa itakurusha juu ya usukani, ndiyo maana waendesha bodaboda wengi hukanyaga ya nyuma peke yake, na katika pikipiki nyingine waya wa mbele umelegea kiasi kwamba ukibana mkono hakuna kinachokaza. Ilhali unapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, tairi la mbele likakandamizwa na kushika barabara vizuri zaidi, huku la nyuma likibaki jepesi na kuwa rahisi kuserereka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, anayejua kutumia breki zote mbili kwenye lami kavu anaweza kusimama katika mita 20 hivi tangu breki zianze kushika, wakati anayetegemea ya nyuma tu atahitaji takribani mara mbili ya umbali huo. Na sekunde moja ya kushtuka, kabla mkono wala mguu haujafanya lolote, imekwisha kula mita 17 nyingine. Mkufunzi alitutaka tubane mkono wa breki kwa vidole viwili na kwa hatua mbili, kwanza kidogo hadi shokapu za mbele zibonyee, kisha kwa nguvu, na zoezi hilo tulilirudia hadi mchana kwenye uwanja wa lami. Hatari iko katika kubana kwa pupa kabla uzito haujafika mbele, hasa kwa pikipiki zetu nyingi zisizo na mfumo wa kuzuia tairi kukwama.

Kona sina mengi ya kuzisemea. Tulifundishwa kusukuma mkono wa kushoto wa usukani ili kwenda kushoto, jambo linaloonekana kama kichekesho hadi ulifanye, na kutazama mwisho wa kona badala ya kulikodolea macho shimo, maana pikipiki hufuata macho.

Je, ujuzi huo unapunguza ajali? Hapa ndipo wauzaji wa mafunzo wanaponyamaza. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walichapisha uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki walizozifuatilia Los Angeles, wakaonyesha kwamba katika nyingi zilizohusisha gari, dereva wa gari ndiye aliyemwingilia mwendesha pikipiki kwa kutomwona, na kwamba waendeshaji wengi, katika sekunde za mwisho, walikaza mno breki ya nyuma na kuisahau ya mbele. Kwa ushahidi huo mafunzo yanajitetea yenyewe. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha waendeshaji wapya 2,399 katika jimbo la Victoria nchini Australia, haukuona kwamba waliofundishwa barabarani walipata ajali chache kuliko wasiofundishwa. Kilichoongezeka ni kujiamini, na kwa maelezo yao wenyewe, mwendo kasi. Mimi siushangai utafiti huo. Ukimpa mtu ujuzi wa kujiokoa, anaweza kuutumia wote katika kusogea karibu zaidi na hatari.

Kwa hiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyovutia hata kupigwa picha. Siku ya pili mkufunzi alinifuata kwa pikipiki yake kando ya Barabara ya Bagamoyo, na tuliposimama kwenye kituo cha mafuta hakuniuliza lolote kuhusu breki. Aliniuliza daladala iliyokuwa mbele yetu ilionyesha dalili gani kabla ya kuchomoka kwenda kituoni. Konda alikuwa amekwisha kutoa kichwa na mkono mlangoni muda mrefu kabla (taa ya ishara, kama kawaida, haikuwaka kabisa). Mafunzo ya namna hii, ya kusoma barabara, kujiweka mahali unapoonekana na kuacha nafasi, ndiyo ninayoyaona yanastahili fedha, na kabla ya kulipa ni vyema kuuliza kama mkufunzi atakufuata barabarani au mtaishia kuzunguka koni uwanjani.

Mwenye tairi vipara na kofia isiyofungika asilipe kwanza. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takribani asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69, na sijui mafunzo yoyote yenye ushahidi wa kiwango hicho.

Wanaoyahitaji zaidi ndio wasioweza kuyalipia. Mwendesha bodaboda anayedaiwa hesabu na mwenye pikipiki kila jioni hawezi kuacha kazi siku mbili, achilia mbali ada. Ila zoezi la breki halihitaji siku mbili: viongozi wa kijiwe wakipata uwanja wa lami asubuhi ya Jumapili, koni chache na mkufunzi mmoja wa kuchangiwa, vijana watakuwa wamerudi kijiweni kabla ya abiria wa kanisani kutoka.