Thaimu ya kutambaa ilivyonitoa jasho

Jamani hii thaimu ya kutambaa, kile kimmea cha harufu kinachotandaa chini kama zulia, ilinitesa. Mimi nimezoea mnanaa, ule ukiuchomeka tu kwenye udongo wenye majimaji unakuja juu mpaka unakuwa kero, sasa nikasikia hawa ni ndugu wa ukoo mmoja (hata shina ukilipapasa lina pembe nne kama la mnanaa), nikajua matunzo ni yale yale. Nikachimba kwenye kivuli, nikajaza samadi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza safi. Ya pili majani ya chini yakaanza kuwa kahawia, mimi nikadhani ni kiu nikaongeza maji, ya tatu nikivuta shina linatoka lenyewe bila ubishi, mzizi mweusi unanuka uozo.

Mara ya pili nikajaribu mbegu. Zile mbegu ni kama vumbi yani ukipiga chafya umezipoteza, mimi nikazifukia sentimita 2 chini nikakaa kusubiri mwezi mzima, hola. Kumbe zinataka mwanga, unazimwaga juu juu tu unazigandamiza na kiganja basi, na maji unanyunyiza kwa chupa ya spreyi.

Mara ya tatu jirani akanimegea kipande cha ya kwake. Nikakipeleka pembeni ya njia ya mawe, jua linawaka pale karibu siku nzima, udongo wenyewe wa hovyo, nikauchanganya na mchanga na kokoto ndogo nikauinua kidogo maji yasituame. Mbolea sikuweka hata punje, maana ikishiba sana inarefuka legelege na harufu inapungua. Wiki za mwanzo nilimwagilia mpaka ikashika, baada ya hapo nikawa nachomeka kidole kwanza, kukiwa na unyevu naondoka zangu.

Kuisambaza ndo raha. Shina likilala chini, kwenye pingili linatoa vimizizi vyeupe kama nywele, basi nalibana na kijiwe, baada ya wiki kadhaa nalivuta taratibu, likigoma kuja najua limeshika, nakata nahamishia mbele kama sentimita 25 hivi. Kile kipande kimoja kimenipa 11.

Ila magugu bwana! Kabla vipande havijakutana kila nafasi ni ya ndago, na ndago ikishapenya katikati ya zulia ukiing'oa unaondoka na thaimu yako, kwahiyo nilikuwa nachuchumaa na kijiti kila jioni nachokoa moja moja. Ningejua ningesafisha lile eneo vizuri kabla sijapanda chochote, vile viazi vidogo vya ndago vya chini ya udongo vyote nje.

Sasa hivi imefunga, ukiikanyaga harufu inapanda mpaka puani, ila sio ya kukanyagwa kutwa nzima, na ikichanua usipite pekupeku maana nyuki wanajaa, mimi walishaniuma mara mbili. Maua yakiisha naipunguza na mkasi sehemu ya kijani tu. Mwaka jana nilijifanya kinyozi nikashuka mpaka kwenye vishina vikavu vya kahawia, havikuchipua tena, pakabaki kipara katikati saizi ya sahani. Nimelaza mashina mawili pale na vijiwe vyake juu, moja jana nimelivuta limegoma.