Mapendekezo ya programu ya biashara: tunavyoyaandika na kuyapigia kura hapa Kirumba

Ninasimamia programu ya stoo na mauzo kwa wafanyabiashara wa dagaa, kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) na vifaa vya uvuvi hapa Mwanza, wengi wao wakiwa Kirumba karibu na mwaloni, pale mzigo wa ziwani unaposhushwa na kuuzwa, wengine Igoma, wengine ng'ambo kule Ukerewe. Programu yenyewe imetengenezwa nje na inatumika nchi nyingi. Mtengenezaji ametenga mahali ambapo mteja yeyote anaandika pendekezo la kuboresha, na wateja wengine wanalipigia kura. Wafanyabiashara wengi wa huku hawapagusi kabisa, wanaamini sauti ya Mwanza haifiki. Inafika, mradi pendekezo liandikwe hivi kwamba mwenye kiwanda cha jibini Uholanzi akilisoma aseme "hata mimi".

Kabla ya kuandika chochote ninachuja. Malalamiko yanayotoka kwa makarani ni ya aina tatu na kila moja ina mlango wake. La kwanza ni hitilafu: programu inafanya kinyume na maelezo yake yenyewe, kwa mfano punguzo la bei linaonekana kwenye ankara lakini halionekani kwenye ripoti ya mauzo. Hilo linakwenda kwa kitengo cha huduma kwa wateja, likiwa na namba ya toleo na hatua za kulirudia. Ukilipeleka kwenye kura litakaa huko likingoja umaarufu, wakati lilistahili kurekebishwa bila kura hata moja.

La pili ni matakwa ya sheria zetu, kama risiti za EFD (mashine za kielektroniki za risiti za kodi) au muundo wa ripoti za VAT. Tanzania haiwezi kushindana kwa idadi ya kura na nchi zenye wateja maelfu, kwa hiyo mambo ya TRA, mamlaka yetu ya mapato, ninayamalizana na wakala wa programu aliyepo nchini, ambaye ndiye mwenye jukumu la kuiunganisha na mfumo wa kodi. La tatu ndilo pendekezo halisi: programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, ila kusudio lenyewe halitoshi. Hili ndilo la kura.

Mfano ninaoutumia kufundishia ni gunia la dagaa. Karani wa kawaida huandika hivi: "Tunaomba programu ikubali magunia ya dagaa." Sentensi hiyo haipati kura kwa sababu msomaji wa Ujerumani au India hajui dagaa, wala haoni tatizo liko wapi, maana programu tayari inakubali gunia kama kipimo. Tatizo la kweli ni uwiano. Ukiingiza kipimo kipya, programu inakudai useme gunia moja ni kilo ngapi, na ukishasema, imefungwa. Lakini gunia la dagaa waliokauka vizuri kwenye chanja na gunia la dagaa waliopigwa na mvua kabla ya kufungwa havilingani uzito hata siku moja, na hata gunia lile lile likikaa stoo linaendelea kunyauka.

Kwa hiyo ninaweka hesabu. Tuseme yameingia magunia 40, na mizani inasoma jumla ya kilo 1,212. Kwenye programu gunia ni kilo 30, hivyo inaandika kilo 1,200. Papo hapo kilo 12 hazipo kwenye vitabu. Mzigo unauzwa wote kwa mizani na jumla inafika kilo 1,168. Stoo ni tupu, ila programu inasema bado una kilo 32. Upungufu wa kweli, ule wa kunyauka na kumwagika, ni kilo 44, na hauonekani popote. Kwa bei ya mfano ya shilingi 6,000 kwa kilo, mwenye mali ana 192,000 ya dagaa hewa kwenye ripoti, na hasara ya 264,000 ambayo hakuna anayeijua. Anayekamatwa ni karani wa stoo, anaulizwa kilo 32 ziko wapi. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili kwa nguvu: programu isiyojua kunyauka humfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi.

Hesabu hiyo ikishakaa, ninaondoa neno dagaa kwenye kichwa cha pendekezo. Kichwa kinakuwa: bidhaa inayohesabiwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa uzito unaobadilika kila mzigo. Sasa wamo wauza nyama, wauza jibini, wauza sangara wabichi kwa kreti, wauza mbao, hata wauza vyuma chakavu. Dagaa nawarudisha ndani ya maelezo kama mfano. Tunaandika kwa Kiingereza kwa sababu wapiga kura wengi ndiyo lugha wanayosoma, na kabla ya kuandika ninatafuta jina ambalo watu wa programu wamelipa jambo hilo. Kwa uzito wa namna hii wanasema "catch weight". Ukitafuta kwa neno lako unaweza kudhani hakuna aliyewahi kuliomba, kumbe lipo kwa jina lingine na lina kura tayari.

Kutafuta huko ni hatua ambayo haitakiwi kurukwa. Ninajaribu maneno mafupi matatu au manne tofauti, na ninaangalia pia mapendekezo yaliyofungwa. Likipatikana linalofanana, tunalipigia kura hilo na kuongeza mfano wetu chini yake. Mapendekezo mawili ya jambo moja yanagawa kura, na msimamizi akija kuyaunganisha, mtu aliyepigia yote mawili anahesabiwa mara moja tu, kwa hiyo hakuna faida uliyopata.

Mwili wa pendekezo ninaupanga kwa mfuatano usiobadilika: nani anafanya kazi hii, anafanya nini sasa hatua kwa hatua, programu inamkwamisha wapi, inamgharimu nini, na anazungukaje kwa sasa. Ombi lenyewe linakuja mwisho, sentensi moja au mbili, na ombi moja tu. Ukibandika maombi matatu pamoja, anayelipenda moja na kulichukia jingine hapigi kura, na mtengenezaji hawezi kuweka alama ya "limekamilika" kwa kitu kilichokamilika nusu. Sipendi pia kuwachagulia kitufe kikae wapi au kiwe rangi gani. Wao wanaijua programu yao kuliko mimi. Mimi naijua mizani.

Picha za skrini ni lazima, lakini zisafishwe kwanza. Jina la mteja, TIN, namba ya simu, salio la deni, vyote vifunikwe kwa rangi nzito kabla picha haijapanda, maana mahali pale panasomwa na dunia nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi wenye maduka pia. Njia rahisi ni kufungua kampuni ya majaribio ndani ya programu, ukaweka mteja wa kubuni na mzigo wa kubuni, ukapiga picha humo.

Upande wa kura kuna kazi ya ndani kabla ya kazi ya nje. Tuna kundi la WhatsApp la makarani na wahasibu, na tukilifungua tu "leteni mapendekezo" yanamiminika kama mzigo wa alfajiri. Kwa hiyo kila duka lina kura tatu tu kwa msimu, na linaweza kuziweka zote kwenye jambo moja. Utaratibu huu si mgeni. UserVoice, kampuni ya Marekani iliyoeneza mtindo huu tangu 2008, ilikuwa ikimpa kila mtu kura 10 na isiyozidi tatu kwa wazo moja. Kura zisipokuwa na kikomo kila kitu kinapigiwa, na orodha haikwambii lipi linauma zaidi. Ninahesabu maduka na ninahesabu watu, kila moja kwa safu yake, kwa sababu nikihesabu watu peke yao, duka lenye makarani sita likipiga kura kwa umoja linaweza kuzima shida ya mama mwenye stoo moja ambayo ni kubwa kuliko zote.

Linalopita ndilo tunalolipeleka nje, na ujumbe ninaoutuma huwa hivi: "Habari za kazi ndugu zangu. Lile la uzito wa magunia limepanda. Fungua kiungo hiki, ingia kwa barua pepe yako mwenyewe ya kazini, bonyeza kura, kisha andika mistari miwili: unauza nini, na mara ngapi kwa wiki unarekebisha stoo kwa mkono. Asante, na dada zetu wa Igoma msituangushe." Ile mistari miwili ndiyo yenye thamani. Kura tupu inaonyesha mtu amepita hapo. Mistari inaonyesha ni kampuni ya namna gani na inaumia wapi, na anayepanga kazi za toleo lijalo anapata hoja ya kumpelekea mkubwa wake.

Hapo ndipo kura zinapopotea ovyo. Maduka mengi yanatumia akaunti moja, mara nyingi ile ya "admin", karani wa asubuhi na wa jioni wakipokezana nywila. Akaunti moja ni kura moja, hata kama nyuma yake wapo watu watano. Kingine ni barua ya kuthibitisha: baada ya kujiandikisha unatumiwa kiungo, nacho mara nyingi kinaangukia kwenye barua taka, mtu anadhani ameshapiga kura. Ninamwambia kila mmoja arudi kwenye ukurasa aone kitufe kimebadilika rangi. Na msifungue akaunti za kubuni. Kura nyingi kwa mkupuo, zote bila maelezo, zinawatia wasimamizi shaka na kuliharibia jina pendekezo zuri.

Muda wa kuomba kura nao una hesabu yake. Siku za kuelekea tarehe 20 ya mwezi mhasibu ana ritani ya VAT mkononi, usimguse. Wakati mzuri kwetu ni mwezi ukiwa mpevu: wavuvi wa dagaa wanategemea taa kuwavuta usiku, mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani kama kawaida, mzigo mwaloni unapungua, na karani anapata nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta bila foleni ya wanunuzi wa Kongo nyuma yake.

Angalia pia kalenda ya mtengenezaji. Business Central, programu ya biashara ya Microsoft, kwa mfano, hupata matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Odoo, programu nyingine ya biashara kutoka Ubelgiji, hutoa toleo kubwa moja kwa mwaka. Kazi za toleo hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo kampeni ya kura mwezi Septemba haiwezi kuleta kitu Oktoba. Kwa programu huria kama ERPNext, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, maombi yanawekwa GitHub, tovuti ambako msimbo huo unatunzwa, na huko kura ni alama ya dole gumba kwenye ujumbe wa kwanza wa ombi. Alama hizo ziliwekwa Machi 2016, baada ya wasimamizi wengi wa programu huria kulalamika hadharani kwamba watu wanajaza "+1", yaani "nami naunga mkono", kwenye maoni na kila "+1" inamtumia kila mfuatiliaji barua pepe. Kama unatumia programu ya namna hiyo, bonyeza dole, na uandike tu pale unapokuwa na mfano mpya.

Hali ya pendekezo isomwe kwa makini. "Linachunguzwa" maana yake kuna mtu amelisoma. "Limepangwa" si ahadi ya tarehe, usimwambie bosi wako asubiri. "Limekataliwa" huja na sababu, na sababu hiyo ni ya kutumia. Mara nyingi ombi limekataliwa kwa ukubwa wake, maana kubadilisha uwiano wa vipimo kunagusa stoo, bei, gharama na ripoti zote kwa pamoja. Basi ninalikata kipande: sehemu moja tu ya kujaza uzito halisi kwenye mstari wa kupokea mzigo. Kipande kama hicho kinaweza kufanyika ndani ya toleo moja, na kikishaingia kinafungua njia ya kipande kingine.

Wakati wa kungoja, dagaa hawangoji. Tunaweka kilo kuwa kipimo kikuu cha stoo, kila mzigo unapewa namba yake, idadi ya magunia inaandikwa kwenye maelezo ya mzigo, na mzigo wenye namba hiyo ukiisha sokoni tunafanya marekebisho ya stoo kwa sababu maalumu tuliyoiita "kunyauka". Kwa njia hiyo hasara ya kilo 44 inasimama kwenye ripoti kwa jina lake, na tena inakuwa ushahidi wa kuongeza kwenye pendekezo: jumla ya kilo zilizorekebishwa kwa mkono mwezi mzima.

Siku toleo likija na kile ulichoomba, kipeleke kwanza kwenye kampuni ya majaribio, uingize mzigo mmoja wa kweli wa wiki iliyopita, uanzie kupokea mpaka risiti, ulinganishe kilo na fedha na vitabu. Kisha rudi kwenye pendekezo lile lile uandike kilichokaa sawa na kilichobaki, kabla hawajalifunga.