Teke la pili la kipepeo

Vijana wanaoogelea kwenye mabwawa ya hoteli hapa Kisumu wamjue vizuri Jason Dunford, muogeleaji wa Kenya. Beijing 2008, kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, mtindo wa kuogelea unaorusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, alivunja rekodi ya Olimpiki kwa muda wa sekunde 51.14, Mserbia Milorad Čavić akaivunja muda mfupi baadaye. Delhi 2010, Dunford akaipa Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mita 50 kipepeo.

Kipepeo hutaka mateke mawili kwa kila mzunguko: la kwanza mikono inapoingia majini, la pili inapomaliza kusukuma karibu na mapaja. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ndilo roho ya mtindo wenyewe. Likichelewa, mikono hushindwa kutoka majini. Ukivuta pumzi, kidevu kiguse maji. Ukiinua kichwa sana nyonga huzama, miguu ikaburuta.