Swali la Moyo wa Akiba

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu watano, na fumbo nililowategea wenzangu lilikuwa fupi sana: akitembea, moyo wake hupiga kama kawaida, akiogelea, moyo husimama, wala hafi. Kanuni zetu hazijabadilika tangu tulipoanza kukutana kwa ajili ya mafumbo ya aina hii. Mtegaji peke yake ndiye anayelijua jibu, wengine huuliza maswali mengi wapendavyo, naye hana ruhusa ya kusema zaidi ya "ndiyo", "hapana" au "haihusiani".

Miongoni mwetu yumo muuguzi, na kama nilivyotarajia, yeye ndiye aliyeshika usukani. Aliuliza kama maji yalikuwa ya baridi kali, kama kulikuwa na dawa iliyotumiwa, kama mhusika amepandikizwa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Yalikuwa maswali mazuri ya mtu anayeifahamu kazi yake, na yote niliyajibu "hapana". Baada ya robo saa wote walikuwa wamechoka, ndipo rafiki yetu mmoja, ambaye hakuwa amefungua kinywa muda wote huo, akauliza kwa sauti ya upole: "Je, ana moyo mwingine wa akiba?" Watu walicheka hadi mmoja akaiweka chini glasi yake ili asimwage maji. Mimi nikajibu "ndiyo", na kicheko kikakatika ghafla.

Kilichofuata hakikuchukua hata dakika mbili. Muuguzi, ambaye macho yake yalikuwa yameng'aa upya, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria tangu mwanzo: "Kwani huyu ni binadamu?" Nilipojibu "hapana", rafiki anayependa sana habari za viumbe wa baharini aliruka kutoka kitini akataja jina la pweza. Pweza ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, na wa tatu huisambaza katika mwili wote. Huo wa tatu husimama pweza anapoogelea, na ndiyo sababu mojawapo inayomfanya achoke upesi na apende zaidi kutambaa kuliko kuogelea.

Nimelitafakari sana swali lile la moyo wa akiba, kwa kuwa ninaamini linaeleza vizuri kuliko kitu kingine chochote jinsi mafumbo haya yanavyofumbuliwa. Maswali ya muuguzi yalikuwa ya busara, lakini yote yalisimama juu ya mambo mawili ambayo mimi sikuyasema: kwamba mhusika ni mtu, na kwamba moyo ni mmoja. Swali la kuchekesha halikuwa na busara hata kidogo, na kwa sababu hiyo halikuwa na haja ya kuyaheshimu mambo hayo mawili. Lilipita juu yake kama mtoto anavyoruka ua ambalo watu wazima wanatafuta mlango wake.

Lazima nikiri pia kwamba lugha yetu ilinisaidia kuficha. Katika Kiswahili, mtu, samaki, paka na pweza wote husemwa "akiogelea" na "akitembea" kwa kiambishi kilekile, kwa hiyo nilisema ukweli mtupu huku kila msikilizaji akijichorea binadamu akilini. Hali hugeuka kabisa fumbo linapohusu kitu kisicho na uhai. Ukisema "ulianguka", tayari umekwisha kutoa habari: wasikilizaji makini wataanza kuhesabu mti, mshumaa, mpira na mkate, na watakiacha kiti na kisu bila hata kuuliza. Mtegaji mzuri hujifunza kuchagua maneno kwa ngeli zake, na mwulizaji mzuri hujifunza kuzisikiliza. Hili ni jambo ambalo sijaliona likielezwa katika mafumbo yanayotafsiriwa, ambamo mara nyingi mtafsiri hulivujisha jibu kwa kiambishi kimoja bila kujua.

Jina la fikra za namna hii, zile zinazoingilia jambo kwa ubavuni badala ya kuliendea moja kwa moja, ni "lateral thinking" kwa Kiingereza, nalo lilibuniwa mwaka 1967 na Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta. Yeye alilifananisha jambo hili na uchimbaji wa shimo: ukitaka shimo mahali pengine, hakuna faida ya kuongeza kina cha shimo ulilokwisha kuanza. Hata hivyo, jaribio ninalolipenda zaidi ni la zamani kuliko jina hilo. Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker, katika kazi iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945, alieleza jinsi alivyowapa watu mshumaa, kiberiti na kisanduku chenye misumari midogo ya kubandikia karatasi, akawataka wauweke mshumaa ukutani. Ufumbuzi ni kukimwaga kisanduku, kukipigilia ukutani na kuusimamisha mshumaa juu yake. Wengi walishindwa, kwa sababu waliona chombo cha misumari tu, hawakuona kirafu. Lakini kisanduku kilipotolewa kikiwa kitupu, kazi ikawa nyepesi.

Mwaka 1987 Alice Isen na wenzake nchini Marekani walilirudia jaribio la mshumaa kwa namna iliyonifurahisha sana nilipoisoma. Baadhi ya washiriki walitazama kwanza vipande vya filamu ya kuchekesha, na hao ndio waliofaulu kwa wingi zaidi kuliko wale waliotazama filamu isiyo na vichekesho. Tangu hapo simnyamazishi mtu anayeleta mzaha katikati ya fumbo gumu. Yule mwenzetu wa moyo wa akiba alikuwa akifanya kazi.

Linabaki suala la maarifa ya ajabu ajabu, yale ambayo mtu huyakusanya bila kujua atayatumia wapi. Kuna wanaoshikilia kwamba fumbo linalotegemea maarifa ya aina hiyo si la haki, nami siafikiani nao moja kwa moja. Kipimo changu ni hiki: je, mtu asiyelijua jambo lile anaweza kulifikia kwa kuuliza tu? Mfano wa fumbo la haki ni hili. Dereva aliyezoea kuendesha gari upande wa kushoto aliamka asubuhi moja akaendesha upande wa kulia mbele ya polisi, na polisi hakumkamata. Rafiki yetu mmoja alilifumbua kwa kuuliza kama dereva alikuwa amehama nchi, kisha, alipojibiwa "hapana", akauliza kama basi ni nchi iliyohama. Tulicheka, lakini alikuwa amefika. Tarehe 3 Septemba 1967, mwaka uleule wa de Bono, Uswidi ilihamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia: yalisimama saa 10 na dakika 50 usiku, yakavuka upande wa pili, na saa 11 alfajiri yakaendelea na safari.

Usiku ule mwingine wetu aliongeza kwamba Samoa ilifanya kinyume chake, kutoka kulia kwenda kushoto, mnamo Septemba 2009. Maelezo hayo hayakuhitajika wakati ule, ila yalikaa vichwani mwetu. Wiki kadhaa baadaye tulitegewa habari ya mtu mwenye afya njema aliyelala Alhamisi usiku, akaamka kwa wakati wake wa kila siku, na ikawa Jumamosi. Tuliuliza kuhusu usingizi, ugonjwa na ndege, bila mafanikio, mpaka mtu akasema: "Nchi ile iliyohamisha barabara, haikuhamisha na siku?" Ilihamisha. Samoa ilivuka kwenda upande wa pili wa mstari wa tarehe wa kimataifa, yaani mstari wa kufikirika ambapo siku moja hupakana na nyingine, na Ijumaa ya tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo kabisa katika kalenda yake. Sijui furaha inayofanana na ile ya kuona jambo dogo lililotajwa kwa kupita tu likirudi kuwa ufunguo.

Jumamosi ijayo zamu ni yangu tena, na fumbo langu liko tayari. Mtoto alizaliwa katika familia iliyompenda, akaishi miaka mingi, wala hakuna aliyemsahau, lakini tarehe aliyozaliwa haikurudi tena katika kalenda ya nchi yake hata mara moja, hata katika mwaka mrefu. Wenzangu sijawaambia chochote. Wewe nitakupa msaada mmoja: ni mwaka 1712, na nchi yenyewe nimekwisha kuitaja.