Waliombwa Gesi, Wakatia Gesi

"Mama, gari imekojoa!"

Kitindamimba wangu kaniita uani nione. Nikamwambia ni jasho tu la kiyoyozi: hewa ikipita kwenye mabomba baridi nyuma ya dashibodi, unyevu wake hugeuka maji yakadondoka chini. Hakuridhika hata kidogo. Mimi nilishalikumbuka lile gari jeupe la mzee, msimu ule wa joto lilipoacha kudondosha hata tone.

Mafundi walikuwa wakilijaza gesi ya kiyoyozi, baridi inakuja, tukishaizoea tu, upepo wa moto huo. Mzee akaamini gesi hutumika kama petroli.

Fundi wa mwisho hakukimbilia mtungi. Aliwasha injini akainamia boneti kusikiliza. Klachi ya kompresa, mashine inayosukuma gesi izunguke, ilishika, ikaachia, ikashika, ikaachia.

"Dada, gesi hii haitumiki, inazunguka humo humo. Ikipungua, ina mahali inatokea."

Akaivuta yote iliyobaki, akafunga geji, mpira wa buluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa presha kubwa, kisha pampu ikafyonza hewa mpaka sindano ikashuka chini ya sifuri. Akafunga koki. Akazima pampu.

"Sasa tungoje."

Kungoja nini? Mzee aliangalia saa, akakohoa, akaangalia tena. Mimi sikubandua macho kwenye ile sindano. Mwanzo nilidhani macho yananidanganya. Lakini ilikuwa inapanda, polepole, bila haya, mbele yetu sote.

"Ingepanda kidogo ikasimama, ningesema ni maji yamebaki ndani, maana pasipo hewa maji huchemka bila moto," fundi akasema. "Hii haisimami. Panapotokea gesi, ndipo hewa inapoingilia."

Yaliyofuata yalikwenda haraka: rangi maalumu ndani ya mfumo, taa ya zambarau gizani, kijani kikang'aa kwenye maungio ya bomba la kondensa, pale gesi inapopozwa. Oringi, kile kipete cha mpira kinachoziba maungio, ilikuwa imekauka ikapasuka. Akaibadilisha pamoja na kichujio cha unyevu, akapima gesi kwenye mizani badala ya kukisia.

Wale wa mwanzo nimeshindwa mpaka leo kuwaita wezi. Gesi ilikuwa imepungua kweli, nasi tuliomba gesi. Hakuna aliyeombwa kutafuta tundu. Nilimwambia mzee hivyo siku moja. Akaniuliza nani kanilipa niwatetee.