Mnara Hauwezi Kuishinda Data

Chukua mililita 50 za maji, uzichanganye na mililita 50 za ethanoli katika silinda ya vipimo. Hutapata mililita 100; utapata kama 96, kwa sababu molekuli za vimiminika hivi hubanana zaidi zikikutana. Nilipoliona jambo hilo maabara ndipo nilipoelewa kwa nini wahandisi wa kemikali huzithamini mno data za sifa za vitu: uzito kwa ujazo, mnato, kiwango cha kuchemka, joto la kugeuza kimiminika kuwa mvuke.

Mfano ninaoufahamu vyema ni ethanoli ya molasi, kama itengenezwayo katika ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya. Molasi ikishachachuka, pombe yake hafifu hupelekwa kwenye mnara wa kukeneka, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke wake. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Selsiasi na maji kwenye 100, hivyo mtu angetarajia kwamba akiongeza mnarani trei za kutosha, yaani sahani ambapo mvuke na kimiminika hukutana, ataipata ethanoli tupu, na kanuni ya Raoult ya kukadiria mvuke wa michanganyiko, inayochukulia kuwa molekuli za aina zote huvutana sawasawa, ingemuunga mkono. Lakini ethanoli ikifika takriban asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na uwiano uleule, na trei hata mia moja zaidi hazibadilishi kitu.

Nikiwa kwenye mafunzo ya kazi, nilimpelekea mhandisi aliyenisimamia hesabu za kompyuta zilizoonyesha ethanoli ya asilimia 99.5 ikitoka juu ya mnara. Programu haikuwa imetoa onyo lolote. Aliniuliza swali moja tu: "Umetumia modeli gani?" Nilikuwa nimetumia kanuni ya Raoult. Nilipoweka milinganyo ya NRTL, modeli inayozingatia kwamba molekuli za aina tofauti huvutana kwa nguvu tofauti, iliyotolewa na Renon na Prausnitz mwaka 1968, kikomo kile kikajitokeza mara moja, na ikabidi maji yaliyobaki yaondolewe kwa zeolaiti, madini ambayo vitundu vyake hupitisha molekuli za maji na kuzizuia za ethanoli.

Hata hivyo NRTL yenyewe haijui lolote kuhusu ethanoli mpaka ipewe vigezo, na vigezo hivyo hutokana na watu waliokaa maabara wakichemsha michanganyiko, wakipima joto, shinikizo na kilichomo kwenye mvuke. Kazi hiyo ya subira haisifiwi inavyostahili. Tena vipimo vina mazingira yake: Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96, kwa hiyo mnara uliopigiwa hesabu kwa shinikizo la Mombasa lazima upigiwe upya kabla ya chuma cha kwanza kukatwa.