Mama Ameona Tembo Mchana

Ratiba niliianza miezi minne kabla. Tuingie Serengeti kwa lango la Ndabaka, tulale Seronera, tutokee Naabi, tupite Ngorongoro hadi Karatu, tumalizie Tarangire. Nilichagua Juni maana ndipo nyumbu huwa ukanda wa magharibi, upande wa mto Grumeti. Kwa sisi wananchi kiingilio si mzigo. Kinachoumiza ni gari: la kukodi peke yake lilikula fedha kuliko viingilio vyote. Tena kibali ni cha saa 24, na Ngorongoro unalipa hata kama unapita tu, kwa hiyo pancha moja inaweza kukugharimu malipo ya siku nyingine nzima.

Kiti kimoja kilibaki, nikampitia Mama nyumbani kwake Bunda. Amezaliwa na kuzeeka jirani kabisa na hifadhi, lakini lango lile hajawahi kulivuka.

Hatukwenda mbali mbung'o wakatuvamia. Mama alikuwa amejifunga kitenge cha bluu iliyokoza, rangi wanayoifuata, wakamng'ata mpaka shingoni. Tukafunga vioo. Joto likawa la tanuri, na kiyoyozi nilichoahidiwa wakati wa kulipa hakikufanya kazi hata dakika moja. Hilo bado linanichoma.

Kisha dereva akazima injini. Tembo kama kumi na wawili, hatua chache kutoka barabarani, na mtoto katikati ya miguu ya mama yake.

Mama alinyamaza muda mrefu. Mwaka juzi tembo walimaliza shamba lake la mihogo usiku mmoja, yeye na majirani wakipiga madebe hadi alfajiri. Fomu za kifuta jasho, zile pesa za serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, alijaza, na mpaka leo anasubiri. Nilidhani atawalaani.

"Mwanangu," akasema, "hawa nimewaona usiku tu, kwa tochi. Kumbe wana kope ndefu hivi."

Dereva alitaka kuondoka, simba walikuwa wameonekana mbele. Mama akamwomba, "Baba, ngoja kidogo." Tukangoja karibu saa nzima. Mimi niliyehesabu kila saa ya kibali sikuitazama saa yangu.

Seronera tuliona simba, na chui juu ya mti. Ngorongoro ilikuwa ukungu na baridi, na kreta hatukushuka kwa sababu ya gharama. Tarangire tembo walikuwa wengi mno, lakini Mama alikuwa akiulizia mihogo yake, nani anaiangalia.

Agosti alinipigia simu. Tembo walikuwa wamerudi usiku uliopita, wamekula kona moja ya shamba. Nikamuuliza kama alipiga debe.

"Nimepiga sana. Na tochi nimewasha. Ila yule mwenye mtoto nimemmulika miguuni, machoni sikummulika."